Kalamu ya Risasi

Mwezi uliopita mwanamke nisiyemjua alinipigia simu akaniuliza kama mimi ndiye Penseli. Nilikuwa nimesimama jikoni nikimenya viazi, na kisu kikabaki hewani. Zimepita zaidi ya miaka arobaini tangu mtu aniite jina hilo. Nikamuuliza namba yangu aliitoa wapi, kwa kuwa siku hizi mtu akikutajia jambo lako la zamani unafikiria matapeli kwanza. Akasema jina lake ni Nekesa, kwamba babake alikuwa Sajini Wafula aliyefundisha kulenga shabaha kule chuo cha polisi cha Kiganjo, na kwamba walikuwa wamemzika kwao Bungoma wiki tatu kabla ya hapo. Alikuwa amefika Nyeri, akaulizia mahali palipokuwa na ukumbi wa video nyuma ya kinu cha posho, akaelekezwa kwa fundi viatu mzee, na yule fundi akamwambia kwamba msichana aliyekuwa akiandika ubao wa ukumbi bado yuko hai, ni bibi mwenye duka la mabango, akampa namba. "Niko na swali moja tu," akasema, "la filamu." Nikamwambia aje Jumapili baada ya kanisa. Kisha nikakaa kwenye kiti, na vile viazi sikuvimaliza, maana nilijua ni filamu gani.

Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Watu wa rika langu hawahitaji kutajiwa tarakimu. Mvua ilikataa, mahindi meupe yakapotea madukani, na tukala ugali wa rangi ya kiini cha yai ambao kila mtu aliulaani kisha akaramba sahani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Nilikaa Gatitu katika chumba kimoja cha mbao na binamu yangu Nyaguthii, aliyeuza nguo za mitumba sokoni. Ili kuzuia baridi ya mwezi wa saba, tulikuwa tumebandika magazeti ukutani kwa uji wa unga, na magazeti hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nilijifunza Kiswahili nikiwa nimelala chali, nikisoma habari zilizokatwa katikati na pembe ya kitanda. Nilijifunza pia kuandika herufi kubwa, kwa kuiga vichwa vya habari kwa makaa kwenye kipande cha boksi, nikifuta na kurudia mpaka Nyaguthii aseme, "Wewe, hiyo A imekukosea nini? Iache ipumzike." Sikuweza kuiacha. Naungama kwamba nilikuwa msichana wa kuamka kabla ya mapambazuko kwa sababu nimekumbuka kosa la jana. Kosa likiwa dogo nililifuta. Likiwa kubwa nililificha, na hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema katika sura hii.

Ukumbi wa video ulikuwa wa Mwalimu Kariithi, mstaafu mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi. Alikuwa amepangisha chumba nyuma ya kinu cha kusaga, akakijaza mabenchi ya kanisa fulani lililokuwa limenunua mapya, na mbele akaweka televisheni ya rangi ndani ya kizimba cha mbao chenye kufuli, kana kwamba ingetoroka. Kinu kilipokuwa kikisaga, sakafu ilitetemeka, na vumbi la unga wa manjano lilipenya kwenye nyufa likaelea mbele ya picha, hivi kwamba hata theluji ya Ulaya kwetu ilikuwa na rangi ya posho. Mwalimu aliniona siku moja nikiandika bango la kinyozi jirani. Akasimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema, "Wewe huandiki, unashona." Akanipa kazi ya ubao: kila Jumamosi asubuhi niitazame kanda ya siku hiyo, kuona kama ni nzima, kisha niandike kwa chaki jina lake na maneno machache ya kuwaita watu. Kanda zilikuja na basi kutoka Nairobi, mara nyingi bila karatasi wala jina, kwa hiyo majina tulizipa sisi. Kulikuwa na Ile ya Lifti, Ile ya Barafu, Ile ya Mjane na Bunduki. Maneno ya kuwaita watu, Mwalimu alitaka yawe yaleyale kila wiki: "Andika tu, firamu kari sana." Lakini mimi nilikuwa na daftari, na katika daftari nilizipa filamu alama juu ya kumi, kama msahihishaji wa mitihani.

Ninalo bado. Nikilisoma leo nashangaa jinsi nilivyokuwa mdadisi kuhusu mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajali. "Ile ya Barafu, alama tano. Maadui ni kumi na wawili lakini wanakuja mmoja mmoja, kama wanaopiga foleni ya maji. Kwa nini wasimrukie pamoja?" "Ile ya Lifti, alama saba. Niliogopa sana mahali ambapo hakuna kitu kilichotokea, mlango tu ulikuwa unafunguka polepole. Nichunguze kwa nini mlango unatisha kuliko bunduki." "Mjane na Bunduki, alama sita. Anakimbia kwenye matope na shati linabaki jeupe. Nani anamfulia?" Kulikuwa na filamu moja ambamo mkubwa wa majambazi alimfunga mtu kwenye kiti na, badala ya kummaliza, akamweleza mipango yake yote, mpaka mtu akapata nafasi ya kufungua kamba. Niliandika: "Huyu alihitaji rafiki." Na nilikuwa nimegundua sheria moja ambayo naamini ni kweli hata leo: katika filamu za siri na mauaji hakuna mtu anayemaliza chakula. Analetewa nyama, viazi na mchuzi, anakata kipande kimoja, simu inalia, anainuka na kuondoka. Mwaka ule jambo hilo lilikuwa gumu kulitazama. Ukumbi mzima uliguna kuliko ulivyoguna kwa maiti. "Si amalize kwanza," mtu alisema gizani. "Simu itangoja." Mwingine akasema, "Afunge na karatasi aende nayo." Filamu ile niliipunguzia alama mbili kwa ajili ya nyama.

Sheria kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya akta. Neno lenyewe tulikuwa tumelichukua kwa Wazungu tukalibana. Kwetu akta hakuwa kila mwigizaji, alikuwa mmoja tu, yule atakayeshinda. Wengine walikuwa maadui, au watu tu. Aliyechelewa kuingia alimnong'oneza jirani, "Akta ni gani?" na akishaonyeshwa alitulia na kuvua kofia, kwa sababu kuanzia Nanyuki mpaka Kenol kila mtu alijua kwamba akta hafi. Anapigwa, anaangushwa kutoka kwenye paa, anazikwa mchangani mpaka shingoni. Hafi.

Sajini Wafula alianza kuja mwezi wa tano. Alikuwa mtu mnene wa wastani, mwenye koti la kahawia na viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi, na alikaa benchi ya nyuma karibu na mlango, ambako mimi nilisimama kuchungulia, kwa kuwa msichana kukaa ndani na wanaume wale lingekuwa jambo la kusemwa soko zima. Alitazama huku akihesabu kwa sauti ya chini. "Saba. Nane. Kumi na moja." Makanga mmoja wa matatu, aliyekaa mbele, akageuka. "Afande, wacha tuone."

"Ona. Mimi nahesabu tu. Hiyo bastola ni ya risasi sita."

"Labda amejaza tukiangalia kando."

"Hajajaza. Hiyo alipewa na Mungu."

Akta alipomaliza kuwaua watu wote wa ghala na kuondoka na msichana kwenye pikipiki, Sajini aliinama kwangu akasema, kwa uchungu wa kweli, "Sasa ona. Maiti kumi na nne, na anaenda. Nani ataandika ripoti?" Niliandika swali hilo katika daftari langu, na tangu siku hiyo nilianza kutazama kwa macho yake pia.

Jina la Penseli lilipatikana mwezi wa nane. Asubuhi ile nilikuwa nimeona filamu ambamo majambazi wanavamia arusi, risasi zinapiga keki, glasi na taa za dari, na nikaona aibu kuandika tena kwamba ni kali sana. Nilitaka neno la ukutani, neno la gazeti. Nikalikumbuka: karamu. Karamu ya risasi. Lakini nilipoinua chaki nikaingiwa na wasiwasi. Sisi Wagikuyu tunachekwa kwa sababu ya r. Tunasema firamu, tunasema kari, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba ubao wangu hautachekwa. Tena kwa lugha yetu karamu ni kitu cha kuandikia, na kila mtoto wa shule anajua kwamba Kiswahili chake ni kalamu. Kwa hiyo, nikawaza, hiyo r ni yetu, ya kijijini. Nikaisahihisha. Nikaandika kwa herufi zenye kivuli, kazi ya saa nzima: LEO SAA NANE, KALAMU YA RISASI.

Sajini alifika, akavua kofia, akasoma polepole. "Dada," akasema, "leo ni filamu ya shule?"

"Kwa nini, Afande?"

"Kalamu ya risasi ni penseli."

Nilitazama ubao na nikaona kwamba ni kweli; tulikuwa tumefundishwa jina hilo darasa la pili. Masikio yaliniwaka moto. Nikashika kitambaa nifute, naye akaweka mkono wake mbele ya ubao. "Wacha. Hizo herufi ni nzuri sana kufutwa. Nataka kuingia nione hiyo penseli inaua watu wangapi." Saa kumi walipotoka, ukumbi mzima ulikuwa ukiniita hivyo. Nililia njia nzima hadi Gatitu. Nyaguthii alipoambiwa alicheka mpaka akamwaga chai, kisha, alipoona siachi kulia, akasema, "Kwani nani amekufa? Umeandika penseli. Si umeiandika vizuri?" Na Jumamosi iliyofuata Sajini aliniletea penseli ya kweli, nyekundu, iliyochongwa kwa kisu. "Ya kuandika alama," akasema. Kumbe alikuwa ameliona daftari.

Mwezi wa kumi niliyasikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Nilikuwa nje nikifuta ubao, na upande wa pili wa mbao Mwalimu na Sajini walikuwa wakinywa chai kabla ya watu kuja. Mwalimu alimtania: "Wewe mtu wa bunduki wiki nzima, unakuja kutafuta bunduki zingine huku za nini?"

Sajini aliweka kikombe chini. "Nilikuwa na kijana mmoja, Mwalimu. Kuruta. Alikuwa ananipita hata mimi kulenga. Siku ya kufuzu mama yake alinishika mkono akaniuliza, huyu atarudi nyumbani? Nikamwambia, mama, huyu usiogope. Alimaliza miezi miwili huko walimpeleka, wakamrudisha kwa sanduku."

"Pole sana."

"Sasa wapya wakisimama kwa mstari naangalia nyuso, najiuliza ni nani. Huku kwako sijiulizi. Naonyeshwa akta, natulia."

Nilibaki na kitambaa mkononi. Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini kabla ya kuingia aliniuliza kila Jumamosi, kwa sauti ya mzaha, "Penseli, akta anarudi nyumbani?" Mimi nilimjibu, "Anarudi, Afande," na yeye akainama kidogo na kuingia. Lilikuwa jibu la kweli kila mara, kwa sababu nilikuwa nimeitazama kanda mpaka mwisho.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja basi lilichelewa, na kanda ilinifikia karibu saa tano. Naikumbuka filamu ile kuliko nyingine yoyote. Akta alikuwa polisi kijana, wa wiki ya kwanza kazini, mwenye kofia iliyomzidi. Hakuruka juu ya chochote. Alifuata nyayo, aliuliza watu maswali, aliandika katika kitabu kidogo. Ndiyo, aliandika ripoti, na nikafurahi kwa ajili ya Sajini. Kisha mama yake akampakulia chakula, simu ikalia, naye akaitazama, akaiacha ilie, akala mpaka akafuta sahani kwa mkate. Nilisimama peke yangu kwenye chumba kitupu. Nikaandika kwa penseli nyekundu: "Tisa. Akta anamaliza chakula." Nilikuwa bado nimeshika daftari wakati picha ilipojikunja ikawa nukta moja ya mwanga, kisha giza. Stima ilikuwa imepotea. Ilirudi saa saba na nusu, watu wakiwa tayari mlangoni, na hakukuwa na nafasi ya kumalizia.

Ubao niliuandika kwa uzuri wa kawaida: POLISI MGENI, USIIKOSE. Sajini alisoma, na nikaona uso wake ukibadilika kwenye neno polisi. "Penseli, akta anarudi nyumbani?"

Ningesema sijui. Nimelitamka neno hilo peke yangu mara nyingi tangu siku ile, na ni jepesi sana mdomoni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu na ndiyo iliyokuwa fahari yangu, na kusema sijui kuliniuma kama kuandika herufi iliyopinda mbele ya watu. Tena, nilijiambia, akta hafi.

"Anarudi, Afande."

Hakuinama kuingia kama kawaida. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Nilikaa nje. Kinu hakikuwa kikisaga siku ile, kwa hiyo nilisikia kila kitu: vicheko, kisha muziki wa fidla, kisha mlio mmoja wa bunduki. Nikangoja kelele za ukumbi, maana akta akipigwa watu humwambia ainuke. Walimwambia. "Amka," wakasema, "amka bwana." Baadaye wakaacha kusema. Mlango ulipofunguliwa walitoka wamekasirika kama watu waliopewa nyama ikarudishwa. "Ati akta amekufa," makanga yule akaniambia, kana kwamba nilimuua mimi. "Hiyo si filamu. Hiyo ni nini sasa?"

Sajini alitoka wa mwisho. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Hukuiona," akasema.

"Stima ilipotea, Afande."

"Ungesema."

Akavaa kofia, akashika njia ya kituo cha magari ya Kiganjo, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo, wala ya tatu. Nilipunguza kula. Nyaguthii alidhani ni mapenzi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kosa ambalo singeweza kulifuta wala kulificha, kwa kuwa lilikuwa limetembea likaenda zake Kiganjo likiwa na viatu vilivyong'aa. Nilichoweza kukifanya kilikuwa ubao tu. Nikaanza kuandika, chini ya jina la kila filamu, aidha NIMEIONA MPAKA MWISHO au SIJAIONA MPAKA MWISHO. Mwalimu Kariithi alipoyaona maneno ya pili alishika tai yake. "Wewe, hii ni kufukuza watu."

"Basi tafuta mwandishi mwingine," nikasema. Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Aliutazama ubao, akanitazama, akaenda zake bila kuufuta.

Jumamosi ya nne Sajini alisimama mbele ya ubao. Siku ile kanda ilikuwa imekwama katikati, na nilikuwa nimeandika hivyo. Alisoma mstari wa chini mara mbili; niliona midomo yake. "Kwa hivyo hujui," akasema.

"Sijui, Afande."

"Haya. Basi twende tuone pamoja." Akasogea kwenye benchi ya nyuma akaniachia nafasi, na mimi, mbele ya makanga na wauza viatu na kila aliyetaka kwenda kusema sokoni, niliingia nikakaa. Simkumbuki akta wa siku ile. Nakumbuka kwamba Sajini hakuhesabu risasi, na kwamba watu walipomaliza kunigeukia waligeuka wakatazama mbele. Mwezi wa kwanza alihamishwa, na sikumwona tena.

Nekesa alikuja Jumapili akiwa na shuka ya kujifunika na macho ya babake. Nilimpakulia viazi na nyama. Kabla hajagusa sahani alianza kunisimulia, akinitazama kama mtu anayetaka kusahihishwa. Kila Krismasi, akasema, baba aliwasimulia filamu moja. Polisi mgeni mwenye kofia kubwa. Anakula sahani nzima simu ikilia. Adui anamvizia darajani, anampiga risasi ya bega, kijana anaanguka mtoni, wanamtafuta mpaka giza, wanamkosa. "Halafu mama yake yuko jikoni," akasema Nekesa, "amekata tamaa, amezima jiko. Anasikia mlango. Baba alikuwa anabisha meza hapo, ko, ko, na sisi wote tunaruka." Ameitafuta mitandaoni miaka miwili ili awaonyeshe watoto wake, na hajaipata kwa sababu hajui jina. "Alisema Penseli ndiye anaijua. Nilitaka tu kuuliza. Inaisha hivyo?"

Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa pale penye tisa. Maishani mwangu nimeandika mabango ya kanisa, ya kliniki na ya makaburi, na sijaandika tena jambo nisilolijua. Nilifikiria sauti zile za ukumbini zikisema amka, na nilifikiria mtu mmoja aliyekaa nyuma, akatoka wa mwisho, kisha akatumia Krismasi zote zilizobaki kumwinua kijana yule kutoka mtoni na kumleta mpaka mlangoni. Nikampa Nekesa jibu ambalo nilipaswa kumpa babake. Kila neno ndani yake lilikuwa kweli siku ile, na bado ni kweli.

"Sikuiona mpaka mwisho," nikamwambia. "Stima ilipotea."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka, cheko fupi la puani. "Basi tutabaki na ya baba," akasema. Simu yake ikaanza kulia ndani ya mkoba. Aliusogeza mkoba kando kwa mguu, akavuta sahani karibu, na akala mpaka akamaliza.